Mzee, ulipigana wapi?

Asubuhi ya Jumanne moja mwaka huu nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, nikisubiri majibu ya vipimo vya mama yangu. Kando yangu, wakingoja zamu yao kwenye dirisha la wazee, waliketi mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa amevaa koti la suti lililochakaa mabega, na mapajani amepakata mfuko wa nailoni uliojaa makaratasi: kadi ya kliniki, kitambulisho, picha mbili za eksirei, na karatasi moja ya zamani iliyokunjwa mara nne hata mikunjo yake imeanza kukatika. Alipokuwa akiitafuta kadi, karatasi ile ikaanguka. Niliiokota, na kabla sijamrudishia, jicho langu la mwalimu wa historia likanasa mwaka: 1979.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimeona tarehe tu. Ulikuwa Uganda?"

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima kama swali limeulizwa kwa dhati au kwa kupitisha muda. "Nilikuwa mgambo. Walituchukua Singida. Tukaingia kwa miguu, tukatoka kwa magari."

Nikafanya kile ambacho nilidhani ni adabu. Nikamwambia, "Asante sana, mzee, kwa kuitumikia nchi yetu."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, bali cha mtu aliyepewa zawadi asiyojua aiweke wapi. "Unanishukuru kwa lipi?" akauliza. Ndugu msomaji, nimefundisha vita hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilianza kusema jambo kuhusu mipaka na heshima ya taifa, nikasikia sauti yangu ikifanana na hotuba, nikanyamaza. Aliyeniokoa ni mkewe, ambaye mpaka wakati huo nilidhani hasikilizi. "Mwambie pole," alisema. "Hiyo ataipokea."

Basi nikamwambia, "Pole, mzee." Akajibu, "Nimeshapoa," kisha akaanza kuzungumza, na hakunyamaza mpaka jina lake lilipoitwa.

Nimekuwa nikilitafakari neno hilo tangu siku ile. Miezi michache kabla, mwanafunzi mmoja mwenye kupenda filamu za Marekani aliniuliza darasani kwa nini sisi hatuna desturi ya kumsimamisha askari mstaafu njiani na kumshukuru kwa utumishi wake. Nilimpa jibu la kitaalamu, na bado naamini lina ukweli. Wamarekani waliacha kuandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973, wakati kupigana kwao Vietnam kulipokuwa kunakwisha. Tangu hapo vita vyao vimepiganwa na wachache waliojitolea, na shukrani ya barabarani ni njia ya wengi ambao hawakwenda kuzungumza na wachache waliokwenda. Vita vyetu havikuwa hivyo. Mwaka 1978 hapakuwa na upande wa waliokwenda na upande wa waliotazama. Magari ya watu binafsi yalitwaliwa yakabebe askari, wanavijiji walitoa ng'ombe na nafaka, na mgambo walitoka kila mkoa. Nani angemshukuru nani? Nilijivunia jibu hilo. Kwenye benchi la hospitali niligundua kuwa lilikuwa nusu ya jibu.

Kwa vijana ninaowafundisha, Vita vya Kagera ni kurasa chache za kukariri. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera sasa ni la Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa akitaja sababu, nia na uwezo, maneno matatu ambayo hata mtoto wa leo anayajua. Kisha kurasa zinaruka hadi 11 Aprili 1979, Kampala ilipoanguka. Katikati ya tarehe hizo kuna watu. Jeshi lililokuwa na askari pungufu ya 40,000 lilipanuka katika miezi michache hadi kukaribia 150,000, na katika ongezeko hilo wanamgambo walikuwa makumi ya maelfu: wakulima, makarani, walimu wa shule za msingi, watu waliokuwa wamejifunza kushika bunduki jioni uwanjani kijijini, wakiamini kwamba huo ni mchezo wa mwenge na gwaride.

Mzee wa Singida alikuwa na miaka ishirini na minne. Walimchukua wakati mvua za kwanza zinakaribia, shamba limesafishwa lakini halijapandwa. Jambo alilolikumbuka kwa undani kuliko yote si mizinga. Ni miguu. Sehemu kubwa ya askari wa miguu wa Tanzania waliivuka Uganda ya kusini wakitembea, wakiwa wamebeba silaha na chakula chao mgongoni, na mvua za masika zikawakuta njiani. Alisema viatu alivyopewa vilikuwa vikubwa namba mbili, akavijaza majani ya migomba, na kwamba mpaka leo akiona mgomba uliokatwa nyayo humwasha. Nilimuuliza kuhusu mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, ambako askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin walishiriki, na ambayo sisi wanahistoria huyataja kama mapigano makubwa kuliko yote ya vita vile. Akasema, "Nilikuwepo. Usiku. Sikuona kitu." Kisha akarudi kwenye viatu.

Nilijikuta nikitaka kumrudisha Lukaya. Tabia ya kazi, nadhani: tunakwenda kwa shahidi tukiwa na orodha yetu, na asipojibu orodha tunaandika kwamba kumbukumbu yake imefifia.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo si la kujivunia. Mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilikuwa ndani ya treni ya Reli ya Kati nikirudi chuoni kutoka Tabora. Kitanda cha chini mkabala na changu alikuwa mzee sana, mwenye koti zito la kijeshi lililobadilika rangi, ambalo hakulivua hata mchana wa jua kali. Mtihani ulikuwa unakaribia na mimi nilikuwa nasoma kitabu kinene. Akauliza nasoma nini. Nikamwambia: historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Akauliza, "Bama wameiandika ukurasa gani?" Sikuelewa. Akarudia, taratibu, kama anavyosema mtu na mtoto: "Bama. Kule tulikopigana na Mjapani." Nikafungua faharasa. Burma ilikuwa na kurasa nne, na katika kurasa hizo nne hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Nikamwambia, "Mzee, hapa hamumo." Akasema, "Basi," akageukia dirishani. Nami, Mungu anisamehe, nikaendelea kusoma. Alishuka Saranda usiku. Jina lake sikuliuliza.

Leo ningemweleza nini cha kuandika pale? Ningemwambia kwamba zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia katika jeshi la Mwingereza kati ya 1939 na 1945, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa na machifu na mabwana shauri. Watu waliwaita Keya, kutokana na herufi za King's African Rifles. Walipigana Uhabeshi na Madagaska. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikaa kwanza Ceylon ikifanya mazoezi, kisha kuanzia Agosti 1944 ikateremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, kwenye tope lililomeza magari, malaria na homa ya utitiri wa vichakani, mpaka ikaufikia Mto Chindwin na kuuteka mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Ningemwambia pia juu ya meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikafa nayo idadi ya watu inayokaribia 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Huenda alikuwa anawajua baadhi yao. Huenda ndiye angenieleza mimi.

Lakini hata mzee yule, ningemshukuru kwa lipi? Ukweli ni kwamba alipigana kwa ajili ya mfalme ambaye hakumchagua, katika jeshi lililomlipa kwa kadiri ya rangi yake. Mwaka 2019 magazeti ya Uingereza yaliandika juu ya nyaraka zilizoonyesha kwamba hata bahashishi ya kumaliza vita ilipangwa kwa rangi: Mwafrika alipata sehemu ndogo ya alichopata mzungu mwenye cheo kilekile. Na jeshi hilohilo lilikuwa na kazi nyingine. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu kutoka Nyeri, aliwahi kunitega kwa swali: "Na yule wa kikosi cha Tanganyika aliyeletwa kwetu miaka ya 1950 kuwasaka Mau Mau msituni, naye utamwambia asante?" Kikosi cha sita cha Keya, kilichokuwa cha Tanganyika, kilipelekwa Kenya kweli. Kikosi hichohicho ndicho kilichobadilishwa jina baada ya Uhuru kuwa Tanganyika Rifles, kikaasi Januari 1964, kikavunjwa. Na tarehe 1 Septemba mwaka huo ikazaliwa JWTZ, jeshi lililotakiwa lisifanane na lile la zamani kwa lolote. Nadhani hapo ndipo mzee wa Bama alipopotelea. Taifa jipya lilihitaji mashujaa wa Majimaji na wapigania uhuru; halikujua limweke wapi mtu aliyetoka vitani na koti la mkoloni.

Ingawa jeshi jipya lenyewe halikuanza na watu wapya wote. Jenerali David Msuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, aliingia Keya wakati wa vita vya Hitler na akapelekwa Madagaska. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Taifa lilimzika kwa heshima, na ilistahili. Ila ninapofikiri kwamba maisha ya mtu mmoja yaliunganisha vita viwili ambavyo sisi tunavifundisha katika mihula miwili tofauti, naona jinsi tulivyokata vibaya.

Tuna minara, sikatai. Katikati ya Dar es Salaam limesimama Sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927, likiwa na maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayoahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa. Zunguka sanamu lote: hakuna jina hata moja. Hatua chache kutoka hapo daladala zinaita abiria wa Kariakoo, na Kariakoo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Soko tunalijua, wapagazi hatuwajui. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hilo ni deni la mkoloni, na ni rahisi kulisema.

Deni letu sisi wenyewe ni gumu zaidi kulisema. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale kwenye mnara; na kule Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera. Ni sherehe za heshima na nazipenda. Lakini mnara humshukuru askari kwa ujumla wake. Mzee wa Singida hakuwahi kuwa askari kwa ujumla wake. Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa imetumia fedha zinazokadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, na viongozi kadhaa wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Monrovia Julai 1979 walikuwa wakitulaumu badala ya kutupongeza. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Jeshi likapunguzwa, na wanamgambo wakarudi makwao. Mzee alirudi na karatasi ile, blanketi, na redio ndogo.

Redio hiyo ilinifanya niulize swali ambalo sikupaswa kuliuliza kwenye benchi, mbele ya watu. Nilimuuliza aliipata wapi. Akanitazama muda mrefu. "Kuna mengine, mwanangu, tuyaache."

Nikayaacha. Ila mimi ninayajua kidogo, nawe msomaji una haki ya kuyajua. Mutukula ilisawazishwa kwa matingatinga na raia waliuawa pale, kisasi cha yaliyofanywa na askari wa Amin huku Kagera, ambako watu waliuawa, wanawake walibakwa na ng'ombe kwa maelfu waliswagwa kuvuka mpaka. Mwalimu alipopata habari aliagiza raia na mali zao ziheshimiwe. Hata hivyo sehemu kubwa ya mji wa Masaka ilibomolewa, na maduka ya Uganda yaliporwa na wengi, wakiwemo Waganda wenyewe. Mtu anaweza kuwa alifanya jambo la haki na ndani yake kukawa na jambo analolificha. Neno "asante" halina mahali pa kuliweka jambo la pili. Ndiyo maana nadhani yule mama alikuwa na akili kuliko mimi. Asante humlipa mtu, na akishalipwa hana la kuongeza. Pole tunampa aliyefiwa, aliyesafiri, aliye kazini, hata aliyejikwaa kwa uzembe wake. Haidai kwamba ulilofanya lilikuwa jema, inakiri tu kwamba lilikuwa zito na kwamba mimi nimeliona. Na aliyepewa pole huachiwa nafasi ya kusema.

Kisha mama mwenyewe akasema. Mzee alikuwa amefikia siku aliyorudi kijijini, jinsi watu walivyompokea kwa ngoma na vigelegele, na mama akamkatiza bila kumtazama. "Ulikuta mtama ghalani. Ulidhani ulipandwa na nani?"

Walikuwa na mtoto mmoja na mimba ya wa pili alipoondoka. Alipanda peke yake, akapalilia akiwa na tumbo, akajifungua Februari. Katika miezi yote ile hakupata barua hata moja. Alizipata habari za vita kwenye redio ya katibu wa tawi, akisimama nje ya dirisha na wanawake wenzake, na kila mji mpya uliotajwa kuwa umetekwa walihesabu siku, maana waliamini kwamba majina ya waliokufa yatafika baada ya majina ya miji. Kwenye sherehe ya kuwapokea mashujaa, alisema, wanawake walipika. Nilimwambia, "Pole, mama." Akajibu, "Na asante nayo ningeipokea, mimi." Mzee akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akatutazama.

Jina lao lilipoitwa, mzee alisimama kwa shida, kisha akainama tena na kuniuliza kama kweli mimi ni mwalimu wa mambo hayo. Nikamwambia ndiyo. Akasema alikuwa na mwenzake, walichukuliwa kijiji kimoja siku moja. Huyo hakufa kwa risasi. Lori lilipinduka wakati wa kurudi, vita vimekwisha, askari wakiwa wanaimba. Kijijini walisema hakufa vitani. Mama yake aliishi miaka mingi akiwaeleza watu kwamba alikufa vitani. "Kama unaandika," alisema, "mwandike huyo. Mimi nipo."

Nilichukua jina kamili, la mtu na la baba yake na la babu yake, nikaliandika nyuma ya risiti ya maabara kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine. Sitaliandika hapa. Ndugu zake waliobaki, nimeambiwa, walihamia upande wa Manyoni, na ni haki yao kuulizwa kwanza. Tayari nimempigia simu mtu mmoja huko.

Mzee ana miadi nyingine kliniki Jumanne ya tarehe 14 mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Siku hiyo nina kipindi cha mwaka wa tatu, na nimeshamwomba mwenzangu tubadilishane.